Gari la siti saba kwa familia ya Dar inayopanda Moshi kila Desemba: Vanguard, X-Trail, Prado ya mkononi au jipya?

MamaPacha wa Goba (mleta mada)

Wakuu salaam,

Naomba mawazo yenu, hasa mliowahi kumiliki haya magari. Hela yenyewe tumeikusanya kwa kujinyima na hakuna nyingine nyuma yake.

Nyumbani tuko saba: mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 12, mapacha wa miaka 4, mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua, na dada anayetusaidia kazi. Gari tulilonalo ni IST. Kwa mizunguko ya mjini tunajigawa na mambo yanaenda. Shida ni Desemba. Nusu ya familia inakuwa kwenye IST, nusu kwenye basi la alfajiri, na mama mkwe na magoti yake ndiye anayepanda basi kwa sababu kwenye IST hawezi kukunja miguu saa nane au tisa. Hali hiyo naitaka iishe mwaka huu.

Tunakaa Goba ndani, lami inaishia mbali na kwetu, na masika makorongo yanakuwa ya kutosha. Safari ndefu ni hiyo ya Moshi tu. Bajeti ni milioni 55, na humo iwemo kila kitu: ushuru, bima kubwa, servisi ya kwanza.

Tunayoangalia ni Toyota Vanguard ya 2010 hadi 2012, Nissan X-Trail T32 ya 2015 kuendelea, Prado 120 ya mkononi namba D, au Toyota Rush mpya kwa kujazia na mkopo. Mume wangu moyo wake uko kwenye Prado. Mimi naogopa sheli.

Karibuni.

Yadi_Kinondoni

Dada, chukua Vanguard ufunge mjadala. Spea zake zinaingiliana na RAV4 ya kizazi kile, ziko kila kona, na ukitaka kuuza inaondoka haraka. Ila hakikisha unanunua ya siti saba, maana zipo za siti tano pia na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Wengi wanatuma hela Japani kwa kuangalia picha za mbele, gari likifika wanakuta buti tupu.

Fundi wa Gerezani

Mama Pacha, habari za kwako. Nitaongea kwa urefu kidogo maana hili swali naletewa sana gereji, na mara nyingi naletewa gari likiwa limeshanunuliwa.

Kabla ya injini, kabla ya mwaka, kabla ya nembo, anzeni na siti za nyuma kabisa. Ndizo mnazozilipia. Kama mngekuwa watano mngebaki na gari la kawaida na hela ikabaki benki. Kwa hiyo mkienda yadi, msisimame mbele ya boneti. Fungueni mlango wa nyuma, simamisheni zile siti mbili za mwisho, kisha dada yenu aingie akae humo robo saa nzima mkiwa mnaongea na muuzaji. Akae mtu mzima, mtoto hatoshi kukupa jibu. Angalieni magoti yake yamefika wapi, kichwa kiko umbali gani na paa na kioo cha nyuma, miguu imepata pa kuingia chini ya siti ya kati au imekaa juu ya sakafu kama mtu aliyechuchumaa. Halafu siti zikiwa zimesimama hivyo hivyo, chukueni begi kubwa mnalosafiri nalo, liwekeni nyuma yake, mfunge mlango. Hapo ndipo mtajua.

Kwenye magari yote manne uliyotaja, siti hizo hazifanani hata kidogo. Vanguard na X-Trail T32 zinazama kwenye sakafu, ni nyembamba na ziko chini, zinafaa watoto na watu wafupi. Mtu mzima atakaa Kimara hadi Kibaha kwa raha, Segera ataanza kubadilisha kalio. Prado 120 siti za nyuma zinakunjwa kwenda ukutani kushoto na kulia, zikikunjwa zinakula nafasi ya pembeni ya mizigo. Prado 150 ndiyo iliyoanza kuzizamisha chini.

Sasa injini.

Vanguard ya 2.4 ina 2AZ-FE. Ni injini inayotumia cheni, haina mkanda wa kubadilisha, na ikitunzwa inaenda mbali sana. Lakini ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima wa kula oili, hasa za miaka ya mwanzo, unaotokana na pistoni na ringi zake. Toyota wenyewe kule Marekani waliongeza dhamana ya magari yenye injini hiyo kwa tatizo hilo. Haimaanishi kila Vanguard inakula oili. Inamaanisha usinunue bila kupima. Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, gusa boneti kwa mkono. Ukikuta ya moto, waambie utarudi kesho. Mtu anayewasha gari kabla hujafika ana kitu hataki ukione. Vuta dipstiki, angalia kimo na rangi ya oili. Mwambie mtu apige starti wewe ukiwa nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu unaotoka halafu ukapotea ni ujumbe tosha.

Gia boksi ya Vanguard 2.4 ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, na ya X-Trail T32 pia ni CVT. Hapa naomba mnisikilize vizuri. CVT nyingi zinauawa na sisi mafundi. Mtu anamimina hidroliki ya kawaida ya otomatiki kwa sababu ni ya bei nafuu na rangi zinafanana. Nissan wanataka NS-3, Toyota wana oili yao ya CVT, na kila moja ina namba yake imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukinunua gari la mkononi muulize muuzaji: oili ya gia boksi ilibadilishwa lini, aina gani, na risiti iko wapi? Akikujibu "hii haibadilishwi maisha yake yote", ujue haijawahi kubadilishwa. Mkilijaribu, lipandisheni mlima mkiwa mmejaa. Likianza kuvuma huku spidi haipandi, au likitetemeka kwenye spidi ndogo, liacheni hapo hapo.

Vanguard ya V6 3.5 inaenda kwa nguvu sana na gia boksi yake siyo CVT. Ila kwa mtu anayeogopa sheli, msogee mbali.

Kibosho_Juu

Fundi ameongea yote, ila mimi nina swali kwa mleta mada. Kwa nini lazima iwe gari la juu? Mama mkwe mwenye magoti mabovu, mapacha wadogo, mabegi ya Desemba: hiyo ni kazi ya Noah au Voxy. Mlango wa kuteleza, mama anaingia anageuka anakaa, hapandi wala hashuki. Siti za nyuma kabisa mtu mzima anakaa kama anakaa sebuleni. Injini ni 2.0. Sisi tunapanda na Noah kila mwaka, watu saba, na mama yetu ana miaka 78.

Watu wanaikwepa kwa sababu huku kwetu Moshi na Arusha imebeba abiria sana, basi wanaona ukiwa nayo utaitwa dereva wa Noah. Familia yako kwanza, maneno ya watu baadaye.

MamaPacha wa Goba

@Fundi wa Gerezani ubarikiwe sana, nimechapisha hilo jibu lako na mume wangu amelisoma mara mbili.

@Kibosho_Juu kaka nimekusoma na nakubaliana nawe kuhusu mama. Noah tulishawahi kuazima ya shemeji. Njia yetu ya ndani masika iligonga chini sehemu tatu kabla hatujafika getini, tukiwa wanne tu. Tukiwa saba na mizigo sioni ikipita. Mkandarasi wa barabara akifika kwetu, nitakuwa wa kwanza kununua Noah.

MtoaMizigo Bandarini

Mama Pacha, kabla hujaagiza chochote Japani, kaa na hesabu ya uchakavu. Hapa ndipo bajeti za watu zinapovunjikia.

Gari la abiria likiingia Tanzania linalipa ushuru wa forodha asilimia 25 ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na meli na bima hadi Dar. Kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa cc 1001 hadi 2000, asilimia 10 kwa zaidi ya 2000. Kisha unakuja uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe asilimia 15, zaidi ya hapo asilimia 30. Juu ya vyote hivyo VAT asilimia 18. Zipo na tozo nyingine ndogo, lakini hizo nne ndizo zinazobeba mzigo.

Tuchukue gari la cc 2400 lenye CIF ya dola 10,000. Forodha 2,500, jumla 12,500. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 ya hapo ni 1,250. Kama limepita miaka 10, uchakavu ni 3,750. VAT inapigwa kwenye 17,500, inakuja 3,150. Jumla ya kodi ni dola 10,650. Umelipa kodi kuliko gari lenyewe! Gari lile lile lingekuwa chini ya miaka 8, uchakavu unatoka, VAT inashuka, na kodi inakuwa 6,225. Tofauti ni dola 4,425.

Sasa angalia orodha yako. Vanguard ilianza kuuzwa Japani 2007 ikakoma 2013. Hakuna Vanguard iliyobaki ambayo haijapita miaka 10, zote zinakula asilimia 30. Prado 120 ilikoma 2009, hali ni hiyo hiyo. X-Trail T32 ndiyo yenye nafasi, kwa kuwa imetengenezwa hadi miaka ya karibuni na injini yake ni 2.0, inaingia kwenye kundi la asilimia 5.

Na kumbuka TRA wana thamani zao kwenye mfumo. Ukinunua kwa bei ya kutupa, wao wakiona gari hilo lina thamani kubwa zaidi, wanakokotoa kwa ya kwao. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, ingiza gari lako kabla ya kutuma hata senti.

Kwa Vanguard na Prado 120, ushauri wangu ni kununua iliyokwisha kuingia nchini. Kodi ile ameshalipa mwenzako.

Bamburi_254

Habari zenu ndugu zangu wa TZ, nawasoma kutoka Mombasa. Huku kwetu mjadala wa Vanguard ulishafungwa na sheria. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo Vanguard zote unazoziona barabarani sasa ni za mkononi, zimetumika hapa hapa. Bei yao haishuki kama watu walivyotarajia kwa sababu hakuna nyingine zinazoingia.

Sisi tulichukua Mazda CX-8 ya dizeli. Hii gari ilianza kuuzwa Japani Desemba 2017 na ndiyo mstari wa tatu ulionipendeza kuliko zote za ukubwa huo, hata kijana wangu mrefu anakaa bila kulalamika. Zipo za siti sita, katikati mna viti viwili vilivyoachana; hizo msinunue kama mko saba. Na iwapo safari zenu ni za mwendo mfupi mfupi wa mjini, dizeli za kisasa zitawasumbua: ule mtungi wa kuchuja masizi kwenye ekzosi unahitaji safari ndefu ya mwendo mzuri ili ujisafishe. Makanika wengi wanautoboa, na mimi sipendi hilo hata kidogo, hewa yenyewe ndiyo wanayovuta watoto.

Mama Pacha, nadhani bajeti yako haitaifikia hii, lakini nimesema kwa wengine wanaosoma.

Mzee wa Sinoni

Mwanangu Mama Pacha, mimi niko Arusha, naendesha Prado 120 yenye injini ya 2.7. Nimeona mume wako ana moyo na Prado, basi ngoja niwaeleze wote wawili.

Prado siyo moja. Soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi. TRJ ni petroli 2.7. GRJ ni petroli 4.0 V6. KDJ ni dizeli 3.0. GDJ ni dizeli 2.8. Mtu akikuambia "ni dizeli ya Japani, 150 ya 2012", mtilie shaka, kwa maana Toyota waliiondoa dizeli 3.0 kwenye Prado za soko la Japani mwaka 2007 na hawakurudisha dizeli hadi Juni 2015 walipoleta 2.8. Katikati hapo Japani kulikuwa na petroli tu. Dizeli 3.0 ya 150 iliyoko barabarani imetoka Uingereza au iliuzwa mpya huku huku Afrika, na kila chimbuko lina vifaa vyake. Ile ya Uingereza angalia kutu chini, wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi.

Na hiyo 2.8 ya Japani inatumia AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, ina tangi lake la pembeni. Ikiisha, gari linakuonya na mwisho linakataa kuwaka. Ukiwa Same usiku hiyo siyo habari njema.

Hii 2.7 yangu haina mambo mengi. Cheni, hakuna tabo, hakuna DPF, ule mtungi wa masizi aliousema Bamburi. Ila gari lina karibu tani mbili na nguvu za farasi 163 tu. Ukijaza watu saba ukashika kilima nyuma ya lori, kupita kwake ni kwa subira na hesabu. Ukilazimisha, mafuta yanaondoka. Kwa anayekaa mjini kwenye foleni kila siku na kusafiri mara moja kwa mwaka, simshauri. Kwa anayekaa porini, ndiyo.

Mwalimu_Tegeta

Na Rush je? Hakuna aliyeigusa. Jipya lina dhamana, hamna kurudishwa kilomita, hamna dalali.

Fundi wa Gerezani

Mwalimu, swali zuri. Rush hii ya siti saba ni kizazi kilichotoka mwishoni mwa 2017 na inatengenezwa Indonesia. Haikuuzwa Japani. Rush unazoziona kwenye tovuti za magari ya Japani ni kizazi cha kabla yake na ni za siti tano, kwa hiyo tusichanganye.

Mpya ina faida unazozitaja, na dhamana kwa mtu asiye na fundi wa kumwamini ni kitu kikubwa. Sikatai. Ila ni 1.5, farasi 104, inasukuma matairi ya nyuma. Kwa familia ya watoto wadogo itawatosha. Watu saba wakiwemo watu wazima wanne na mizigo ya Desemba, injini itafanya kazi kwa jasho njia nzima. Na Mama Pacha amesema kwa kujazia mkopo. Mkopo wa gari unalipwa kila mwezi, safari ni mara moja kwa mwaka. Hapo naomba wakae wenyewe na mume wake.

Mbongo wa Nagoya

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha magari huku. Kwa watakaoagiza, ombeni karatasi ya mnada, siyo picha peke yake. Nitagusa machache.

Alama ya jumla: 4 na 4.5 ni gari zuri la mkononi, 3.5 linahitaji macho, R au RA limeshagongwa na kutengenezwa. R siyo lazima liwe bovu, lakini bei yake iwe ya R. Ndani ya gari kuna herufi peke yake, A hadi D. Mchoro wa gari una alama ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W pamerekebishwa na kupakwa rangi, XX kipande kimebadilishwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma. Namba inayofuata inaonyesha ukubwa. A1 hapa na pale haina shida. S na C chini ya gari, muiache; mara nyingi limetumika mikoa ya theluji kama Hokkaido.

Alama ya nyota au maandishi kwenye kilomita yanamaanisha mnada wenyewe hauziamini hizo kilomita. Muuzaji akisema karatasi imepotea, tafuteni gari lingine. Magari yako mengi.

Na kwa siti: T32 ya haibridi haina mstari wa tatu. Muombeni muuzaji apige picha buti likiwa limefunguliwa na siti zimesimamishwa. Ni dakika mbili kwake.

MamaPacha wa Goba

Wakuu, nimerudi na taarifa. Jumamosi tulienda yadi familia nzima kama fundi alivyoelekeza, na begi letu kubwa.

X-Trail ilikuwa nzuri machoni, ndani safi kabisa. Dada akaingia nyuma, akakaa, tukaanza kuongea na muuzaji. Haikuchukua muda tukamsikia anaomba siti ya kati isogezwe mbele. Tukaisogeza, naye mama mkwe aliyekuwa ameketi ya kati magoti yakagusa siti ya dereva. Akasema taratibu, "Mwanangu, hapa mimi sitafika Chalinze." Begi likakataa kufunga mlango, ikabidi tulisimamishe wima.

Vanguard dada alikaa vizuri kiasi, siyo sana. Binti yangu alipenda. Mama alipanda kwa kushika kile kishikio cha juu ya mlango, akakaa, magoti yakabaki na nafasi hata siti ikiwa imesogezwa mbele kidogo. Begi liliingia likiwa limelala pembeni. Nimejifunza pia kwamba mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni, kwa hiyo ukiegesha karibu na ukuta hutoi mzigo.

Prado 120 mama alihitaji kusukumwa kupanda. Mume wangu alimwona mama yake anavyohangaika na ngazi ile, na tukiwa njiani kurudi hakuitaja tena.

Sasa kilichonichanganya ni viti vya mapacha. Tukiviweka siti ya kati, tunaziba njia ya kwenda nyuma. Nyie wenye watoto mnafanyaje?

Mama Watatu Mbezi

Mpenzi, hilo ndilo hakuna mwanaume aliyeligusa humu. Viti vya mapacha vifungeni siti ya kati, upande wa dereva na katikati, vibaki hapo hapo siku zote. Upande wa kushoto uache huru, ndio ukunjwe. Wa nyuma wanaingia kwanza, kisha siti inarudishwa, mama anakaa wa mwisho mlangoni kushoto, na akishuka anashuka upande wa pembeni mwa barabara, siyo kwenye magari. Ila pimeni kama viti viwili na mtu mzima vinaenea kwenye upana huo. Kuna viti vya watoto vipana sana, nendeni navyo yadi. Visipoenea, pacha mmoja aende nyuma na dada, binti aje kati.

Angalia pia mikanda ya siti za nyuma kabisa inavutika na inajifunga ikishtuliwa. Magari mengi siti hizo zilikaa zimekunjwa miaka, mkanda umeganda. Na feni ya hewa: washa kipoza hewa, mtu akae nyuma, aseme kama hewa inamfikia. Mwanangu wa kwanza alitapika kila safari hadi tulipogundua kule nyuma hakufiki hewa.

Wakili_Sinza

Kwa kuwa mnaelekea gari la mkononi la hapa hapa, nami niseme langu. Angalieni jina lililo kwenye kadi, likiwa na jina la benki pembeni, gari lina mkopo, msilipe hata robo hadi benki itoe barua. Ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani muone madeni, na deni la maegesho pia, maana hayo yanafuata gari. Linganisheni namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, kwa macho yenu. Kwa Vanguard, ACA33 ni 2.4 ya kusukuma magurudumu manne, ACA38 ni ya magurudumu mawili, GSA33 ni V6. Kadi ikisema kimoja na chuma kikasema kingine, ondokeni.

Mkataba usainiwe mbele ya wakili, malipo yapite benki, na kadi ibadilishwe jina mara moja. Kuna watu wanaendesha gari kwa kadi ya mtu mwingine hadi mwenyewe anafariki, ndugu wanakuja kudai.

MamaPacha wa Goba

Ahsanteni wote kutoka moyoni. Tumekubaliana mimi na mume wangu: Vanguard 2.4, ACA33, ya mkononi, namba E. Mwenye gari ni mama mmoja anayehama, ana risiti za servisi zote kwenye bahasha, ikiwemo ya oili ya CVT. Viti vya mapacha vimeenea, tumevijaribu. Wakili ameshaangalia kadi. Fundi, kesho asubuhi tunaomba uje na mashine yako, injini tumeagiza isiwashwe. Itabaki hela ya bima kubwa na akiba kidogo.

Swali la mwisho: tukishalichukua, cha kwanza kufanya ni nini? Na mizigo ya Desemba tuweke juu ya paa?

Fundi wa Gerezani

Nitakuja saa moja kamili. Msilipie kabla sijamaliza, hata mwenye gari akiwa mtu mwema kiasi gani.

Mkilichukua, badilisheni oili ya injini na chujio siku hiyo hiyo, andikeni kilomita kwenye karatasi. Halafu kila mkijaza mafuta, vuta dipstiki kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare. Ukiona kimo kinashuka kati ya servisi, niletee na hiyo karatasi, tutajua ni kiasi gani kwa kilomita ngapi. Kushuka kidogo kunavumilika kwa kuongeza. Kuendesha bila kuangalia ndiko kunakoua injini hii.

Tairi zote nne ziwe za aina moja na kina kimoja, kwa sababu ni ya magurudumu manne. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha upepo wa matairi, fuateni hicho. Pimeni upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, siyo baada ya kufika sheli mkiwa mmetoka foleni.

Juu ya paa wekeni vyepesi tu: magodoro, nguo. Kitabu cha gari kinaandika kilo zinazoruhusiwa, na uzito wa juu unalifanya gari liyumbe kwenye kona za Mombo na kwenye upepo wa Same. Mchele, unga na mafuta ya kupikia yatangulizeni kwa basi siku mbili kabla, mtu ayapokee stendi Moshi.

Kibosho_Juu

Mimi nitayapokea, stendi ni karibu na kwangu. Nitumie ujumbe wa faragha ikifika hiyo wiki.

MamaPacha wa Goba

Nitakutafuta kaka. Fundi, saa moja tutakuwa tumeshafika.